Hodi ya Katekista Nakuja

Mlango mpya wa kanisa ulikuwa bado haujawa mlango. Ulikuwa umelazwa juu ya meza mbili katika karakana ya fundi seremala, bila bawaba, bila komeo, upande mmoja umepigwa msasa na wa pili bado una alama za msumeno. Fundi alikuwa ameinama akipaka gundi kwenye kona wakati ulipobishwa kutoka chini. Ngo, ngo, ngo.

"Karibu," alisema fundi bila kuinua macho.

Kubisha kukanyamaza kidogo, kwa adabu, kisha kukaendelea.

"Ndiyo mambo yake hayo," fundi alimwambia Mama Vifungo, mshona nguo, aliyekuwa amesimama karibu na dirisha na suruali ya fundi mkononi, imetiwa kiraka kipya gotini. "Zilipokuwa mbao tu, alikuwa ametulia. Nilipoziunganisha zikapata umbo la mlango, huyo kaanza. Sasa gundi itashika saa ngapi na mtu anatikisa?"

"Mvumilie. Hajawahi kujua wakati mzuri wa kufika."

"Mwambie wewe basi, shemeji. Wewe ndiye mkewe."

Mama Vifungo aliweka suruali juu ya kiti, akasogea, akaweka kiganja juu ya mbao. "Wewe Nakuja," alisema. "Mwache fundi gundi yake ishike." Kubisha kukapungua, kukawa kwa kidole kimoja. Fundi alishukuru, akajaribu kiraka cha suruali kwa kukivuta huku na huku, akasema ni kazi safi.

Hodi hiyo ilikuwa na umri sawa na wa binti yao, ukitoa miezi michache, na binti yao sasa alikuwa na watoto wawili na mgongo unaomsumbua. Kila jua lilipokuwa linazama, mlango mkubwa wa kanisa ulibishwa kutoka nje, na nje hakukuwa na mtu. Mwanzoni watu walisogeza mabenchi mbali na mlango. Baadaye wakayarudisha, kwa sababu huku mbele kulikuwa na joto.

Paroko mmoja wa zamani, mtu wa vitendo, aliamuru mlango uachwe wazi jioni ili huyo anayebisha aingie mwenyewe, yaishe. Mlango ukaachwa wazi. Jioni hiyo hodi ilihamia kwenye kijumba cha maungamo. Mzee mmoja aliyekuwa humo ndani alisema "Karibu," akaondoka kumpisha anayefuata, akaacha nusu ya dhambi zake hazijasemwa. Kijumba kikaondolewa mlango, kikawekwa pazia. Hodi ikahamia kabati la sakristia, katikati ya kanzu za Pasaka. Paroko aliona afadhali ya mwanzo, akaamuru mlango mkubwa ufungwe kwa komeo kama zamani. Mpiga kinanda akazoea kuingia baada ya pigo la tatu.

Mama Vifungo alikuwa na nafasi yake, benchi la mwisho, upande wa kushoto. Hodi ilipopigwa alijibu "Karibu" kwa sauti ya kawaida tu, ile ya mtu aliye jikoni. Kwake kubisha kulisimama muda mrefu kuliko kwa fundi. Kisha kukaendelea. Hili halikumuudhi. Alijua kwamba habishiwi yeye. Siku ile yeye hakuwa karibu na komeo.

Aliyekuwa kwenye komeo kila mtu alimjua. Wakati huo alikuwa kijana mwenye mabega mapana. Sasa alikuwa mwenyekiti wa halmashauri ya parokia, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na mlango mpya ulikuwa ni sadaka yake.

Nakuja lilikuwa jina la utani. Alikuwa katekista, akifundisha watoto sala na watu wazima ndoa, na hakuna somo hata moja alilolianza kwa wakati. Ukimwita alijibu "Nakuja," akaelekea upande mwingine. Siku ya harusi yake alifika bibi harusi ameshavua viatu. Aliimba sauti ya pili, nyuma kidogo ya wenzake, na kiongozi wa kwaya alimvumilia kwa sababu ndiye aliyekuwa na ufunguo wa stoo ya vitabu. Alikuwa mtu wa kuchekesha na mbishi, tena bahili wa sabuni. Mkewe alimpenda mno. Hakuwahi kumwambia hivyo, na sasa alikuwa akijuta.

Tangu askofu aanzishe mchakato wa kumtangaza mwenyeheri, Nakuja alikuwa amebadilika sana. Mchoraji alipewa picha moja ndogo ya kitambulisho, akamwongezea shingo. Akampa pia macho yanayotazama juu. Nakuja hakuwa mtu wa kutazama juu. Shingo yake ilikaza tangu alipoanguka kutoka kwenye dari la shule, na alipotaka kuona ndege alilala chali. Picha hiyo ilichapwa kwenye medali, kwenye kalenda na kwenye fulana za vijana. Shule ilipewa jina lake kamili, ambalo mkewe alilazimika kulisoma mara mbili ubaoni ndipo akajua anasemwa nani. Yeye mwenyewe alianza kuitwa Mjane wa Mtumishi wa Mungu. Wateja walioleta sketi za kupunguza kiuno walipata shida na jina hilo, wakarudi kwenye Mama Vifungo.

Kisha akaja padri mchunguzi. Alitumwa na askofu, bado kijana, mpole, viatu vyake havikushika vumbi. Aliketi karibu na cherehani, akasogeza pembeni kopo la vifungo ili apate pa kuweka kiwiko.

"Mama, kwa shahidi muujiza hauhitajiki kufikia uenyeheri," alisema. "Kwa hiyo ile hodi haitusaidii wala haituharibii. Tunachotaka kujua ni kama aliuawa kwa ajili ya imani, na kama aliyakubali mauti."

Mama Vifungo alimweleza. Mwaka ule, wenye bunduki walikuwa wamepiga marufuku sala, na waliokutwa wakisali walikuwa hawarudi nyumbani. Watu walijifungia kanisani, kimya. Maji yakaisha. Nakuja akachukua madumu mawili, akamwambia mkewe "Nakuja," akatoka. Kijana aliyekuwa kwenye komeo alimfungulia, akafunga nyuma yake. Nakuja alipokuwa anarudi kutoka kisimani alisikia gari. Akayatupa madumu, akakimbia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akafika mapema. Akabisha. Akasema, "Fungueni, ni mimi."

"Akasema hivyo?"

"Fungueni, ni mimi. Nikainuka kwenda. Wanawake wakanivuta nguo, nikakaa. Mmoja akaniziba mdomo, mkono wake ulinuka kitunguu. Ni jirani yangu, mpaka leo tunaazimana chumvi. Akabisha tena. Yule kijana akalikumbatia komeo."

Gari likafika. Sauti ikauliza ndani kuna nani. Na sauti ya Nakuja, ikitweta, ikajibu: "Hamna mtu humo. Mimi mwenyewe nimebisha mpaka nimechoka, hakuna aliyeitika." Wakamuuliza yeye alikuwa anakuja kufanya nini. Akasema, "Kusali." Basi wakampiga risasi kwa hilo la pili, na kwa lile la kwanza wakamwamini. Gari likaondoka. Waliokuwa ndani wote walipona.

Padri mchunguzi aliacha kuandika. Macho yake yalikuwa na maji, na hakuyaficha.

"Ni shahidi wa kweli," alisema. "Alibisha ili kuwatahadharisha."

"Baba, mtu anayetahadharisha hasemi fungueni."

"Hilo la fungueni, kuna mwingine aliyelisikia?"

"Wote."

"Nimewauliza wote, Mama. Walisikia kubisha tu. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa karibu zaidi, na yeye anasema hakusikia maneno kwa sababu kulikuwa na mtoto analia."

Mama Vifungo aliondoa mguu kwenye pedali ya cherehani. Humo kanisani siku ile kulikuwa na mtoto mchanga mmoja tu, naye alikuwa mapajani mwake.

"Alikuwa amelala," alisema.

"Nani?"

"Mtoto. Baba, mume wangu alitaka kuingia. Hakutaka kufa. Alikuwa na mke, na mtoto wa miezi mitatu, na kiu. Andika alitaka kuingia."

Padri alimweleza kwa upole kwamba neno hilo lingeleta maswali, na maswali yangechukua miaka, na wazee walioshuhudia walikuwa wanapungua. Mama Vifungo alimsikiliza mpaka mwisho. Akamrudishia kofia yake, akamsindikiza hadi barabarani, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Kisha akavaa viatu akaenda dukani kwa mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa kati ya mifuko ya saruji na rafu ya makufuli. Alipomwona alivuta kiti, akakifuta kwa kitambaa, akaagiza aletewe maji. Alikuwa amefanya hivyo miaka yote. Hata bati la nyumba ya Mama Vifungo ndiye aliyelitoa, na hakutaka kutajwa.

"Mtoto alikuwa amelala, shemeji," Mama Vifungo alisema.

Mwenyekiti aligeukia makufuli, akayapanga upya, makubwa kwa madogo.

"Niliogopa," alisema akiwa bado amempa mgongo. "Sikiliza, shemeji, niliogopa hata mkojo ukanitoka. Ningefungua, wangeingia nyuma yake. Tungekwisha wote. Wewe pia, na huyo mtoto."

"Huenda. Sikuja kukuuliza ya siku ile. Siku ile hata mimi sijui ningefanya nini. Nimekuja kukuuliza ya jana."

"Ya jana?"

"Na ya juzi. Na ya mwaka jana. Anabisha kila jioni, na bunduki hakuna. Kwa nini hufungui?"

Mwenyekiti alikalia mfuko wa saruji. Kwa muda alionekana ni mzee kuliko alivyokuwa. "Nikifungua sasa," alisema, "watu watauliza kwa nini sikufungua siku ile."

"Wanajua."

"Wanajua, ndiyo. Lakini hawaulizi."

Maji yakaletwa, wakanywa. Mama Vifungo akasema hataandika barua kwa mtu, hatampinga askofu, hatagusa medali wala fulana. Waendelee. Yeye alitaka jambo moja: mwenyekiti, kwa mikono yake, atoe komeo hodi inapopigwa, aseme karibu, Nakuja aingie apumzike. Kubisha kulimchosha hata yeye anayesikiliza, sembuse anayebisha.

Mwenyekiti aliinama muda mrefu. Alipoinua kichwa alikuwa analia, na akasema atafanya. Siku yenyewe ya kutangazwa, mbele ya askofu. Akaapa kwa kaburi la mama yake, bila kuombwa.

Mama Vifungo alirudi nyumbani na furaha iliyompa haya kwa umri wake. Akatoa kitambaa cheupe alichokuwa amekihifadhi kwa ajili ya sanda yake, akakikata shati. Lile alilouawa nalo Nakuja lilikuwa limegawanywa vipande vidogovidogo kama masalia, kimoja kikapelekwa ng'ambo, na asingeweza kuingia kanisani hana shati. Binti yake alimkuta anapima mikono hewani.

"Mama, kipimo cha nani hicho?"

"Cha baba yako."

Binti aliliinua shati, akalitazama dirishani. Alikuwa mwanakwaya, sauti ya pili kama baba yake, na kama baba yake aliingia amechelewa kidogo. "Atakuwa amekonda," alisema. Mama Vifungo alifikiri, akaona kuna ukweli, lakini akaacha kipimo kilekile. Akachagua vifungo vinavyofanana, vyote vya kopo moja.

Siku ilipofika watu walijaa mpaka uani. Misa ilipangwa ianze alasiri ili jua la kuzama liikute litania. Mlango mpya ulikuwa umepakwa vanishi, na komeo lake lilikuwa la mbao ngumu, zito kuliko la zamani, kutoka dukani kwa mwenyekiti mwenyewe. Mama Vifungo aliwekewa kiti mbele, chenye mto, pembeni ya masista. Alikalia ukingo wake tu, mfuko wenye shati magotini.

Askofu alisoma tangazo. Pazia likavutwa, picha yenye shingo ndefu ikaonekana, watu wakapiga vigelegele. Kwaya ikaimba. Hodi ikapigwa.

Kinanda kikanyamaza, kama ilivyopangwa. Mwenyekiti, aliyekuwa amesimama kwenye mlango kwa suti ya kijivu, aliweka mikono miwili juu ya komeo. Mama Vifungo aliinuka. Watu wa mbele waligeuka, wakamwona mwenyekiti, wakamwona mjane, na wote waliokuwa kanisani siku ile ya bunduki wakajua ni nini kinachotaka kutokea. Jirani wa kitunguu alishika mdomo wake mwenyewe.

Ngo, ngo, ngo.

Mwenyekiti alimtazama Mama Vifungo kutoka mbali. Hakukuwa na ubaya wowote usoni pake. Kisha mikono yake ikafanya kazi inayoijua: ikalikumbatia komeo, ikalikaza, na mwenyekiti akaliegemea kwa kifua, amefumba macho. Kubisha kukaongezeka. Unga wa mbao ulidondoka kutoka kwenye bawaba mpya, na fundi seremala, aliyekuwa karibu, aliutazama kwa wasiwasi. Hakuna aliyekohoa. Watoto wachanga walikuwa wengi siku hiyo, na hata mmoja hakulia.

Hali ilikuwa hivyo mpaka kubisha kukafifia, kukawa kwa kidole kimoja. Ndipo askofu alipovuta pumzi, akasema kwenye kipaza sauti kwamba amezunguka makanisa mengi, lakini ukimya wa namna ile hajawahi kuusikia. Aliuita ukimya mtakatifu. Watu waliokuwa wamezuia pumzi waliitikia amina kwa nguvu sana.

Kitendo hicho sasa kimo katika ibada ya parokia. Kila mwaka, sikukuu ya Nakuja inapofika, mzee mmoja anayeheshimika huchaguliwa kulikumbatia komeo, na mwenyeheri hubisha, na watu hukaa kimya. Wageni huja kutoka mbali kuusikia ukimya huo. Watoto wa mafundisho huzoezwa wiki nzima wasikohoe.

Siku ile ya kwanza, kwaya ilipoanza tena kuimba, Mama Vifungo alichukua mfuko wake, akapita mbele ya masista akiomba radhi, akatoka kwa mlango wa ubavuni. Akazunguka kanisa taratibu kwa sababu ya magoti. Ngazi za mbele zilikuwa tupu. Kwenye vanishi mpya ya mlango, kwenye kimo cha ngumi ya mtu mzima anayebisha, palikuwa tayari pamechubuka.

Alitoa shati, akalikung'uta, akalishikilia wazi mbele ya mahali pale palipochubuka, kama wanavyofanya mafundi wanapomjaribisha mteja. Mkono mmoja ukaingia, kisha wa pili. Mabega yakajaa. Akafunga vifungo kimoja kimoja, akianzia chini, na alipofika kwenye kola akarudi nyuma kulitazama. Mikono ilikuwa mirefu kidogo na kiunoni palipwaya. Alikuwa amekonda kweli.

"Hawafungui hawa," alimwambia. "Twende nyumbani."

Shati liligeuka kidogo upande wake. Kisha likageukia mlango, mkono wa kulia ukainuka, likabisha. Mama Vifungo alimjua mumewe, mbishi yule. Alimkunjia mikono ya shati mpaka kwenye viwiko ili isimsumbue, akaketi kwenye ngazi miguuni pake. Alilia kidogo. Ndani walikuwa wakiimba wimbo uliotungwa kwa heshima ya Nakuja, na sauti ya pili ilikuwa imechelewa.

Wimbo ulipokwisha binti yake alitokeza kwenye kona ya ukuta, amevaa joho la kwaya. Aliliona shati, akalikagua juu mpaka chini, akasema, "Nilikwambia." Halafu akasema, "Mama, baba askofu anakusubiri. Kiti chako kiko mbele. Njoo uingie."

"Nakuja," alisema Mama Vifungo.

Binti alirudi ndani kuwaambia kwamba anakuja, na mlango wa ubavuni ukafungwa nyuma yake kwa komeo.